UJIRA WA MTUMISHI NA YULE ALIYEACHWA NYUMBANI

Soma kwanza: Hesabu 27:1-11, Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Matendo ya Mitume 6:1-6, Yakobo 5:4.



Kikundi chetu cha Jumatano kilipofika mwisho wa Waraka wa Yakobo, tulikawia sana kwenye ule mstari wa sura ya 5 uhusuo ujira wa wafanya kazi uliozuiliwa, ambao kilio chake kinamfikia Bwana. Wazee walitoa mifano ya vibarua wa mashambani. Akina mama wakasema habari za wasichana wa kazi za nyumbani. Ndipo kijana mmoja, ambaye ni mhasibu katika ofisi ya serikali, akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alisema, “Nchi nyingine serikali huwalipa mafao hata wenzi wa jinsia moja wa watumishi wake. Je, serikali ikikataa kumlipa mtu wa namna hiyo, imezuia ujira, au imefanya vema?”

Chumba kilinyamaza kimya. Halafu watu wakaanza kusema wote kwa mara moja, na kasisi wetu akalazimika kugonga meza. Kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, tuliombwa tuliandikie somo jambo hilo katika gazeti letu la mtaa, ili watu walisome nyumbani kwa utulivu. Tumekawia miezi miwili kwa sababu jambo lenyewe ni gumu, na tena kwa sababu nyingine ambayo tutaieleza mbele.

Yafaa tuseme mapema kwamba hapa Tanzania swali hili haliko mezani kwa afisa utumishi yeyote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja muungano wa mwanamume na mwanamke, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa adhabu nzito sana kwa tendo hilo. Kwa hiyo tukitaka kujifunza hatuna budi kwenda mahali ambapo swali liliulizwa kweli kweli na likajibiwa. Tumechagua Afrika Kusini. Ni nchi ya Kiafrika, ina Waanglikana wengi, na watu wake wengi tuliwajua walipokuwa wakimbizi kwetu pale Mazimbu, Morogoro. Tena Askofu Trevor Huddleston, ambaye Masasi yamkumbuka kuwa askofu wake tangu mwaka 1960 hata 1968, alikuwa padre wa Sophiatown kabla ya kuja kwetu.

Lakini kwanza tuelewe mafao ni nini, kwa maana katika kikundi wengine walizungumza kana kwamba ni zawadi itolewayo na serikali kwa hisani yake. Sivyo. Mtumishi hulipwa kwa njia mbili. Ipo fedha anayoipokea mwisho wa mwezi, na ipo ile asiyoiona, inayowekwa kwa ajili ya siku za ugonjwa, uzee na kifo. Ile ya pili ni ujira kama ile ya kwanza, ila imecheleweshwa. Sisi walimu wastaafu twajua hesabu hii vizuri. Mfuko wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, mtumishi wa serikali alikatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri akatia asilimia 3 nyingine. Kwa makato hayo walitibiwa yeye, mwenzi wake wa ndoa na wategemezi wasiozidi wanne. Mwalimu kapera alikatwa asilimia zile zile tatu, wala hakupunguziwa hata senti kwa kuwa hana mke. Tunakumbuka walimu vijana walivyonung'unika ofisini juu ya jambo hilo, nasi tukawajibu, “Oeni basi.”

Jibu letu lilikuwa la mzaha, lakini lilikuwa na ukweli ndani yake: kapera alikuwa na mlango wa kupitia. Huko Afrika Kusini suala lilianza hasa kwa watu ambao mlango huo kwao ulikuwa umefungwa.

Wasomaji wa umri wetu watakumbuka jinsi nchi ile ilivyoingilia nyumba za watu. Sheria ya mwaka 1949 ilikataza Mzungu kuoana na mtu wa rangi nyingine, na haikufutwa mpaka mwaka 1985. Mchimba madini alikaa mjini katika bweni la wanaume huku mkewe akiachwa shambani, kwa sababu sheria za pasi hazikumruhusu mke kumfuata mumewe. Basi walipoketi kuandika Katiba mpya, ile ya muda iliyoanza kazi Aprili 1994 na ile ya kudumu iliyoanza Februari 1997, waandishi wake walikuwa watu walioonja uchungu wa serikali inayopanga nani apende nani na nani alale wapi. Wakaandika orodha ndefu ya mambo ambayo serikali haitayatumia kumbagua mtu: rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, dini, lugha, na mengine. Katika orodha hiyo wakaandika pia mwelekeo wa mapenzi ya mtu. Katiba yao ilikuwa ya kwanza duniani kutaja jambo hilo waziwazi.

Maneno ya Katiba ni kitu kimoja, na fomu ya ofisini ni kitu kingine. Aliyekwenda kuyajaribu maneno hayo mapema alikuwa askari polisi, mwanamke mwenye cheo cha kapteni. Alikuwa amekaa na mwanamke mwenzake miaka mingi katika nyumba moja, wakichangia gharama. Alikatwa mchango wa matibabu kama askari wenzake. Alipoomba mwenzake aandikwe kuwa mtegemezi katika mfuko wa matibabu wa polisi, alikataliwa, kwa kuwa kanuni zilimtaja mke au mume wa ndoa halali na watoto. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Transvaal, mbele ya Jaji Roux, ilimpa haki. Hoja ya jaji ilisimama juu ya wajibu wa kutunzana: watu wawili wanaoishi hivyo kwa muda mrefu hujifunga kutunzana, na mfuko uliowekwa ili kusaidia wanaotunzwa hauwezi kujifanya haukuona.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya jaji mwenyewe. Kathleen Satchwell alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, na alikuwa ameishi na mwanamke mwenzake tangu miaka ya 1980. Sheria ya mishahara ya majaji ya mwaka 1989 ilisema kwamba jaji akifa, mke wake au mume wake atalipwa fedha kila mwezi kwa maisha yake yote, pamoja na kiinua mgongo. Kanuni zake zilihusu pia nauli na malazi ya mke au mume jaji anaposafiri kikazi. Mwenzi wa Jaji Satchwell asingepata chochote. Jaji akaishitaki serikali iliyomwajiri. Mahakama Kuu ya Pretoria ilimkubalia, na kwa kuwa katika nchi ile sheria ya Bunge haibatiliki mpaka Mahakama ya Katiba ithibitishe, shauri likapanda huko. Tarehe 25 Julai 2002 hukumu ikatolewa. Iliandikwa na Jaji Madala, na wenzake wote wakakubaliana naye.

Hapa twaomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu mahakama haikusema kila watu wawili wanaolala nyumba moja walipwe. Iliamuru maneno yaongezwe katika sheria, kwamba atakayelipwa ni mwenzi wa jinsia moja katika maisha ya pamoja ya kudumu, ambamo wenzi hao wamejitwika wajibu wa kutunzana, huyu kwa yule. Wajibu huo ndio ufunguo. Aliyekaa tu kama mpangaji, au kama mgeni wa miezi michache, hayumo. Katika kesi nyingine ya mwaka 1999, iliyohusu vibali vya wageni, mahakama hiyo ilikuwa imetaja mambo ya kutazamwa: umri wao, muda waliokaa pamoja, kama walifanya sherehe yoyote mbele ya watu, jinsi wanavyogawana gharama za nyumba, kama wameandikiana wosia, kama kila mmoja amemwekea mwenzake akiba ya matibabu na uzee. Kwa maneno mengine, ni yale yale ambayo mjumbe wa nyumba kumi angeuliza akitaka kujua kama Fulani na Fulani ni mtu na mkewe kweli.

Je, mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja bila ndoa nao walipwe? Mahakama ilijibu kwamba hao wanaweza kuoana wakitaka, hawakufungiwa mlango. Jibu hilo lina mantiki, lakini baadaye lilileta machozi. Mwaka 2005 mahakama hiyo hiyo ilimnyima mwanamke mmoja matunzo kutoka katika mali ya mwanamume aliyeishi naye miaka mingi bila ndoa, na ikapita miaka 16, hata tarehe 31 Desemba 2021, ndipo mahakama ikageuza msimamo wake katika shauri la mwanamke mwingine. Tulisoma habari hiyo tukawaza kwamba maskini wengi hawaoi kwa sababu mmoja wa wawili hataki, na asiyetaka mara nyingi ni yule mwenye mali.

Mambo mengine tutayapitia upesi. Bunge lilipotunga sheria mpya ya mishahara ya majaji lilirudia kosa lile lile, ikabidi Jaji Satchwell arudi mahakamani, akashinda tena Machi 2003. Sheria ya masharti ya kazi ya mwaka 1997 ilikuwa tayari imempa mfanyakazi siku 3 za likizo ya mambo ya jamaa, na kati ya vifo inavyovitaja kimo kifo cha mume, mke, au mwenzi wa maisha. Desemba 2005 mahakama ikaamua juu ya ndoa yenyewe, na tarehe 30 Novemba 2006 sheria ya muungano wa kiraia ikaanza kutumika. Sheria hiyo hailazimishi kanisa lolote wala kasisi yeyote kufungisha ndoa za namna hiyo. Angalieni mfuatano: mafao yalitangulia, ndoa ikafuata baada ya miaka minane.

Marekani safari ilikwenda kwa mwendo mwingine. Sheria ya mwaka 1996 ilizuia serikali kuu kutambua ndoa isipokuwa ya mwanamume na mwanamke. Kwa sababu hiyo Rais Obama alipotoa agizo lake tarehe 17 Juni 2009 aliweza kuwapa wenzi wa watumishi mambo madogo tu, kama vile mtumishi kutumia likizo ya ugonjwa ili kumwuguza mwenzi wake. Bima kamili ya afya na pensheni hakuweza. Juni 2013 Mahakama Kuu ya huko ikabatilisha kifungu hicho cha sheria, na watumishi waliooana kihalali wakaanza kuwaandikisha wenzi wao. Miaka miwili baadaye, Juni 2015, ndoa hizo zikawa halali katika majimbo yote.

Haya ndiyo mambo yalivyotokea. Sasa tuyapeleke mbele ya Maandiko, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Mtu asidhani tutaruka mistari migumu. Walawi 18:22 na 20:13, Warumi 1:26-27 na 1 Wakorintho 6:9 imo katika Biblia zetu, na Kanisa letu Tanzania linaisoma bila kuizungusha. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, katika azimio lake la 1.10, ulishikilia kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke kwa maisha yote, na kwamba matendo ya watu wa jinsia moja hayapatani na Maandiko. Kura zilikuwa 526 za kukubali na 70 za kukataa. Maaskofu wetu walitamka Desemba 2006 kwamba ushirika wao na wanaobariki miungano hiyo umeharibika vibaya, na mwaka 2007 Maaskofu Wakuu wa Jumuiya nzima walikutana Dar es Salaam kwa sababu ya mzozo huo huo. Sisi tunaoandika tulifundishwa hivyo katika ukatekumeni wetu, tukafundisha wengine hivyo, na somo hili halikusudii kubadili mafundisho ya Kanisa juu ya Ndoa Takatifu.

Lakini azimio lile lile la Lambeth lina aya ambazo hazinukuliwi mara nyingi kwenye mimbari. Maaskofu walijifunga kuwasikiliza watu hao, wakakiri kwamba waliobatizwa wakaamini ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo, na wakataka watu wao walaani hofu isiyo na sababu juu yao. Mwenye kushika nusu ya kwanza ashike na ya pili.

Tena swali la mhasibu wetu halikuwa juu ya ndoa. Lilikuwa juu ya ujira, na juu ya ujira Maandiko yanasema mengi kuliko watu wanavyofikiri. Katika Kumbukumbu la Torati 24 Mungu anakataza kumwonea kibarua maskini, awe ni ndugu au awe ni mgeni, na anaamuru alipwe siku ile ile kabla jua halijatua. Torati haisemi achunguzwe kwanza nyumba yake ikoje. Mgeni aliyetajwa pale huenda aliabudu miungu mingine, na alikula vyakula vilivyokuwa najisi kwa Mwisraeli. Hata hivyo jua lisituwe juu ya ujira wake. Mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 20 alipatana na watu juu ya kazi na dinari. Hatusomi kwamba aliwauliza habari za nyumbani kwao.

Fungu ambalo sisi twalipenda zaidi kwa somo hili ni Hesabu 27. Selofehadi alikufa jangwani bila mwana, akaacha binti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Kwa utaratibu uliokuwapo wasingepata kitu. Wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani na wakuu wote, wakaeleza shauri lao. Musa hakuwafukuza, na tena hakujibu kwa kichwa chake mwenyewe. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema binti wale wamesema haki, sheria ikaongezwa. Hatusemi kwamba binti za Selofehadi ni mfano wa watu tunaowazungumza; hiyo ingekuwa kulivuta Andiko kwa kamba. Tunachojifunza ni mwenendo wa Musa. Mtu aliyeachwa nje ya fungu alikuja na kusema, naye akasikilizwa kabla ya kujibiwa. Hali kadhalika Mitume katika Matendo 6, waliposikia kwamba wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, waliteua watu saba wakalishughulikia jambo hilo. Wangeweza kusema kwamba manung'uniko ni dhambi.

Sasa ile sababu ya pili iliyotukawiza.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, mwalimu mwenzetu alifariki ghafla. Alikuwa ameishi na mama mmoja miaka 17, wakazaa watoto wanne. Hawakufunga ndoa, kwa sababu mahari haikwisha kulipwa na wakwe walikuwa wakali. Sote pale chuoni tulimwita Mama Fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, na siku za sikukuu tulikula nyumbani kwake. Ofisi iliyoshughulikia mafao ikataka cheti cha ndoa. Mama hakuwa nacho. Aliambiwa kwamba barua ya uongozi wa chuo kueleza jinsi walivyoishi ingemsaidia kufungua shauri lake. Sisi ndio tulioshika madaraka wakati huo, maana mkuu wa chuo alikuwa masomoni.

Hatukuiandika. Tulijiambia kwamba mtu wa Kanisa hawezi kutia sahihi yake chini ya maneno “waliishi kama mume na mke” wakati hawakuoana. Tuliona tunailinda Ndoa Takatifu. Tukamwambia arudi mkuu wa chuo atakapokuja. Kabla hajaja, ndugu wa marehemu walifika na gari, wakachukua vitanda, baiskeli na radio, na kwa kuwa wao walikuwa na karatasi za ukoo zilizokamilika, mafao yakapitia mikononi mwao. Mama yule aliondoka na cherehani yake na watoto wawili wadogo. Wakubwa wawili waliacha shule.

Jambo la kutuaibisha ni kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, ilikuwapo siku zote hizo. Inasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wamekaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana kihalali mpaka ithibitishwe vingine. Tuliifundisha katika somo la siasa! Barua yetu isingefungisha ndoa yoyote mbele za Mungu. Ingesema tu yale tuliyoyaona kwa macho yetu: ya kuwa mama huyu alipika, alifua, aliuguza, alizaa, na kwamba mshahara wa marehemu ndio uliowalisha wote. Tulikataa kushuhudia kweli kwa kuogopa kwamba kushuhudia ni kubariki.

Ndiyo maana tuliposoma hukumu ya Jaji Madala na yale maneno juu ya wajibu wa kutunzana, hatukumwona jaji wa Afrika Kusini peke yake. Tulimwona na yule mama wa cherehani. Watu hawa wawili hawafanani, na dhambi, kama twaiita dhambi, si moja. Lakini swali lililokuwa juu ya meza ya afisa lilikuwa moja: nani aliyetunzwa na mshahara huu, na ataishije sasa?

Katika kikundi yalitolewa mapingamizi, nayo yastahili heshima. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwamba serikali ikilipa, inafundisha. Fedha ya umma ni kama mhuri, na watoto wakiona mhuri watajua kwamba jambo ni jema. Hoja hii ina uzito. Hata mfuatano tuliouona Afrika Kusini, wa mafao kutangulia ndoa, waweza kuitia nguvu. Jibu letu ni kwamba serikali hulipa pensheni pia kwa mjane wa mlevi, na kwa wake wawili wa Mwislamu, na kwa mwenzi wa mtu asiyeamini Mungu kabisa, wala hakuna Mkristo anayedhani kwamba kwa kulipa hivyo Hazina imeandika katekisimo. Hata hivyo tunakiri kwamba jibu hili halimalizi maneno yote ya mzee yule, naye alitutazama kwa namna ya kusema hivyo.

Mama mmoja wa Umoja wa Mama aliuliza jambo ambalo kwetu lilikuwa jema kuliko yote. “Na mimi je,” alisema, “niliyemtunza dada yangu mgonjwa miaka 20 kwa mshahara wangu wa uuguzi? Nikifa leo, dada yangu atalipwa nini?” Kweli, mahakama za kule zilitazama wenzi tu. Dada wawili, au mwalimu mseja na mama mzee aliyemlea, wanaweza kuwa na wajibu wa kutunzana ulio mzito kuliko wa wenzi wengi. Kwa maoni yetu ingekuwa haki zaidi kama kila mtumishi angeruhusiwa kumtaja mtu mmoja mzima anayemtegemea kweli, athibitishwe, na mambo ya chumbani yasiulizwe na karani yeyote. Tunatoa wazo hilo kama mwalimu mzee, si kama mtungaji wa sheria.

Wengine walisema haya ni mambo ya Wazungu na kwamba Kanisa huko Ulaya limepotea. Tuwakumbushe kwamba Jaji Madala alikuwa Mwafrika, na Katiba aliyoitumia iliandikwa na Waafrika waliofungwa gerezani kwa ajili yake. Na kuhusu Uingereza, yafaa kujua kwamba Februari 2010 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipiga kura kutaka wenzi wa makasisi walioandikishwa kiserikali wapate pensheni sawa na wajane wa makasisi. Sinodi hiyo ilifanya hivyo huku Kanisa lile bado likifundisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Waweza kusema walijipinga wenyewe. Waweza pia kusema walitenganisha madhabahu na daftari la mshahara. Sisi twaelekea usemi wa pili, lakini tuna marafiki wa miaka 40, wacha Mungu kuliko sisi, wanaoshika ule wa kwanza, na tunaendelea kupiga magoti nao kwenye reli moja.

Paulo, mwishoni mwa 1 Wakorintho 5, baada ya kuwakemea vikali walio ndani ya Kanisa, anasema kwamba kuwahukumu walio nje si kazi yake. Hao wana Mungu. Afisa utumishi wa serikali anahudumia walio ndani na walio nje kwa kaunta moja. Kama yeye ni Mkristo, ana mambo mawili ya kubeba kwa wakati mmoja, wala hatumwonei wivu.

Vikundi vitakavyotumia somo hili Jumatano vianze na Hesabu 27, kisha mmoja asome Matendo 6 kwa sauti, polepole. Zungumzeni: Je, Musa angekosa nini kama angewajibu binti wale papo hapo kwa utaratibu uliokuwapo? Katika mtaa wetu, ni nani aliyetunzwa na mshahara wa marehemu akaondoka mikono mitupu, na sisi tulikuwa wapi siku hiyo? Mkristo akitakiwa kuandika barua ya kweli kuhusu maisha ambayo Kanisa halikuyabariki, aandike nini, na aache nini? Na wale wenye vyeti vya ndoa kabatini, je, wamewaandikisha wake zao na wategemezi wao katika mfuko wa pensheni, au fomu bado iko kwenye droo? Mhasibu wetu ameahidi kuja na fomu hizo, na atakaa baada ya sala kuwasaidia wanaotaka kuzijaza. Mama wa cherehani alihamia kwa kaka yake. Tulimwandikia barua mwaka jana. Alijibu kwa ukurasa mmoja, akatusalimu vizuri, na akauliza kama bado tunayo ile picha ya mumewe akiwa na timu ya mpira ya chuo. Tumeitafuta, tumeipata, na tumempelekea.